Faya, na Moshi wa Mama Yangu

Juzi mjukuu wangu alikuja likizo na kamusi ya Kiingereza nene kama tofali. Akaketi karibu na jiko langu, akaifungua mahali penye neno moja fupi, akaanza kunisomea. Faya: moto wa jikoni. Faya: kuchoma vyungu. Faya: kupiga bunduki. Faya: kuchochea tanuru la mashine. Faya: hasira au hamu inayowaka moyoni mwa mtu. Faya: kumwachisha mtu kazi. Kila akimaliza maana moja ananitazama usoni, anangoja bibi yake ashangae.

"Hiyo ya mwisho ndiyo mpya," nikamwambia. "Hizo nyingine zote nilishaziona."

"Umeziona wapi, bibi? Wewe Kiingereza hujui."

Ebo! Mtoto ameanza kusoma jana, leo ananiambia ninachojua na nisichojua! Nilimwambia afunge kitabu chake anisikilize, lakini kila nikisema maneno mawili yeye ananikatiza na la tatu. Basi nimeona niandike, maana karatasi haikatizi mtu. Maana za neno lile sikuzisoma popote. Niliziona zote alasiri moja, mchangani kwetu upande wa Ikombe, zamani za Mjerumani, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kwetu milima imeshuka ikaishia ziwani. Barabara haikuwapo. Mtu alikwenda kwa mtumbwi au hakwenda. Mashamba yetu yalikuwa viraka vya mihogo katikati ya mawe, na samaki walikuja walipotaka wenyewe, kwa hiyo chakula chetu hasa kilitoka mikononi mwa wanawake. Tulifinyanga vyungu, tukavipakia mitumbwini, tukavuka mpaka kwa Wanyakyusa wa tambarare ya Kyela, watu wenye mpunga, mahindi na ndizi mpaka wanasahau. Bei haikuwa na maneno mengi. Chungu kilijazwa mpaka mdomoni, na nafaka iliyoingia ndiyo bei yake. Wenyeji wakabaki na chungu, sisi tukamimina nafaka kwenye vikapu vyetu, "ndaga fijo" huku, "ndaga fijo" kule, tumeshukuriana, tumeachana. Kwa hiyo chungu kikipasuka motoni, kwetu ilikuwa chakula cha watoto kimepasuka.

Mama yangu alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mkali. Vyungu vyake vilijulikana ng'ambo yote, lakini nyumbani kwetu tulikula kwenye vipande vilivyopasuka, maana vizima vyote vilikwenda kuleta nafaka. Wasemao mfinyanzi hulia gaeni walipita mlangoni kwetu wakachungulia. Na alikuwa na mwiko mmoja ambao alinifundisha kabla hajanifundisha kukanda udongo: moto wa vyungu hauachwi. Ukiuwasha, unakaa nao mpaka chungu cha mwisho kiwe chekundu. Ukiondoka, upepo utaingia upande mmoja na vyungu vitapasuka vyote. Mvua ije, mgeni aje, mtoto alie, wewe upo hapo.

Baba alianza kwa kukata kuni za meli. Meli yenyewe ilikuwa ya Waingereza wa kusini, ilikula kuni kama mchwa, na ilikuwa ikisimama ufukweni petu kupakia. Siku moja mchochezi wao aliumwa, wakamwuliza baba kama anaweza kushika nafasi yake mpaka bandari ya Mwaya na kurudi. Alirudi baada ya msimu mzima wa mvua kupita, amevaa suruali, ananuka mafuta ya mashine, na mikononi ana alama za kuungua. Tangu hapo akawa mtu wa meli. Alikuwa akija nyumbani meli ikipakia kuni, analala, anaondoka.

Ni katika mojawapo ya safari hizo alipokuja na lile neno. Mama alikuwa anasugua chungu kwa kokoto.

"Mama watoto, unajua kwa Kiingereza mimi na wewe kazi yetu ni moja?"

Mama hakuinua uso. "Kazi moja vipi? Mimi nakanda udongo, wewe unapanda meli."

"Wewe ukichoma vyungu, wao wanasema faya. Mimi nikichochea tanuru, faya. Moto wa jikoni nao faya. Bunduki ikipigwa, faya. Na mtu mwenye hasira kama wewe, wanasema ana faya."

"Neno moja?"

"Hilo hilo moja."

Mama akaacha kusugua. "Maskini! Watu wana meli ya chuma, kumbe hawana maneno!"

Tulicheka, lakini baba hakucheka. Alisema na yeye aliwahi kuwaonea huruma hivyo hivyo, mpaka alipomwuliza fundi mkuu wa mashine, Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu. Fundi akamwambia neno lile ni la zamani kuliko wafalme wao na vitabu vyao. Lilitoka kwa mabibi zao waliokaa msituni kuzunguka moto mmoja, wasiojua kusoma wala kujenga meli. Kisha watu wakatia udongo kwenye moto ule, ukatoka chungu. Wakatia mawe, kikatoka chuma. Mwisho wakatoa bunduki. Kila kilichotoka pale kilibaki na jina la mahali kilipozaliwa.

Lo! Sijui kwa nini jambo hilo liliniingia vile. Nilikuwa msichana wa kuanza kufinyanga, kichwa changu kingekuwa kwenye shanga. Lakini nilikaa mbele ya mafiga yetu nikiutazama ule moto mdogo uliokuwa unachemsha mboga, nikisema polepole, faya, faya, na nikaogopa kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi yake aliyejikunyata pembeni ndiye aliyezaa nchi nzima.

Siku hizo nilikuwa nakwenda kusoma misheni kwa Wajerumani. Mke wa mchungaji alitufundisha kushona, nyumbani kwake, penye jiko la chuma. Alasiri moja pindo la kitambaa likagusa jiko likashika moto, na mama yule, mtu mpole asiyepaza sauti, akapiga kelele, "Foya!"

Wenzangu walikimbilia maji. Mimi nilisimama na sindano yangu mdomo wazi. Moto ulipozimwa nikaenda kumwuliza mchungaji kama foya ya kwao na faya ya Waingereza zinajuana. Mzee yule alifurahi mpaka akavua miwani. Akasema ni watoto wa tumbo moja. Zamani sana Wajerumani na Waingereza walikuwa watu wa ukoo mmoja wenye mdomo mmoja, ndipo wakatawanyika. Akaniambia hata kwa Kiyunani cha kale, lugha ambayo Injili iliandikwa kwanza, moto ni pir, na hilo nalo ni la ukoo ule ule. Pentekoste ndimi za moto ziliposhuka, mwandishi aliandika neno hilo. "Na mdomo wa kwanza uliolitamka," akasema, "hakuna anayejua ulikuwa wa nani."

Nilirudi nyumbani nikiruka mawe. Nilitaka kumwambia kila mtu niliyekutana naye kwamba wale wakubwa wenye bendera mbili, waliogawana ziwa letu kama samaki, walipika kwa moto mmoja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu wa tumbo moja, na wamegawana ziwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi watagombana. Ndugu hawawezi kugawana kitu wakaridhika." Kisha akacheka. "Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sasa sisi tutalima wapi, kwenye haya mawe?"

Kabla sijafika kwenye ugomvi wenyewe, lazima niseme habari ya moshi, bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mara nyingine meli ilikuwa na kuni za kutosha, haikusimama kwetu, ilipita tu mbali kidogo kuelekea Mwaya. Mama akaanza kupanga kazi yake ifuate safari za baba. Vyungu vikikauka aliviweka kivulini, anangoja, na siku meli inapita ndiyo siku ya kuchoma. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Moshi wake ulipanda mweupe mbele ya mlima, unaonekana kutoka mbali. Na meli ilipofika mkabala na bonde letu, bomba lake lilitoa moshi mzito mweusi, ukakatika, kisha mweusi tena.

"Baba anaitika!" tulipiga kelele, na mama wadogo wakapiga vigelegele.

"Anaharibu kuni za watu," mama alisema, lakini siku hiyo alikuwa anaimba mpaka jioni.

Vita vilipokuja, kwetu vilikuja kwa ukimya. Meli haikupita. Tulingoja safari moja, tukangoja nyingine. Kisha wakaja askari wa Mjerumani, wakachukua mihogo na mbuzi, wakasimika bendera kwenye jabali juu ya ufukwe, wakamwacha mmoja wao ailinde. Na amri ikatangazwa: hakuna kuwasha moto ufukweni. Moto wa jikoni ndani ya nyumba sawa, lakini moshi wa nje ni habari kwa Mwingereza, na atakayeupeleka atapigwa risasi.

Askari aliyeachwa alikuwa mtu mzima, wa kutoka magharibi huko mbali, anayetusalimia vizuri na kuona haya akiomba samaki. Mama alimwendea.

"Bwana askari, sisi hatulimi nafaka. Vyungu vimekauka, mvua iko karibu. Visipochomwa havivuki, na visipovuka watoto hawali."

"Mama, mimi nimeamriwa. Nikiuona moshi nitapiga. Nisipopiga, nitapigwa mimi."

Na alikuwa na haki, ndilo linalonichekesha. Katika mwambao wote ule mwanamke aliyekuwa akipeleka habari kwa meli ya Waingereza alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa mbele yake akimwomba ruhusa.

Njaa tuliijua, hiyo si mgeni. Kilichommaliza mama ni kutojua. Mumewe alikuwa ndani ya meli ya adui. Watu wengine walianza kumwita mke wa Mwingereza, nusu kwa utani, nusu kwa sumu. Wasafiri walileta uvumi kwamba meli zimetiwa mizinga, kwamba watu wamekufa maji. Mama hakulia. Alifinyanga, akakausha, akapanga vyungu kivulini, akafinyanga tena. Nami nikafinyanga chombo changu cha kwanza cha kufaa, kibakuli cha mboga, kimeegemea upande kidogo. Jioni moja nilimsikia akijisemea, "Ningejua tu. Kama nimekuwa mjane, niambiwe, ninyoe."

Tuliisikia meli kabla ya kuiona, ngurumo ya mashine ikipigwa na milima. Ilikuwa alasiri, jua kali, ziwa limetulia. Wanawake wakaanza kukusanya watoto wapande mawe. Mama akasimama.

"Lete moto."

"Mama?"

"Umesikia. Makaa ya jikoni, kwenye kigae kile. Wahi!"

Mdogo wake akamshika mkono. "Dada, una wazimu? Huku askari, kule mzinga! Utatuulia watoto!"

"Wewe mumeo yuko nyumbani anakoroma," mama akasema. "Kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Chukua watoto, panda."

Niliingia jikoni, nikachota makaa kwenye kigae. Kwa haraka yangu kaa moja likaniangukia mguuni, alama ninayo. Nilipita mbele ya kivuli alichokaa askari. Akaniuliza napeleka wapi. Nikasema kwa mama. Sikujua uongo wa kusema.

Mama alikuwa amekwisha kupanga vyungu juu ya kuni, amevifunika magome na nyasi kavu. Akapokea kigae, akainama, akapuliza. Moto ukashika, na moshi ukasimama mweupe, mrefu, mbele ya mlima, kama siku za amani. Nyuma yetu nikasikia miguu ikikimbia mchangani, halafu bunduki ikikokiwa.

"Zima!"

"Moto wa vyungu hauachwi, bwana askari."

"Mama, nitapiga!"

"Piga." Akampa mgongo, akaongeza nyasi.

Meli ikageuza pua ikatuelekea, na mbele yake tukauona mzinga.

Hapo ndipo nilipoziona zile maana zote. Moto wa jikoni nilikuwa nimeubeba mwenyewe, na kigae bado kilikuwa kinanichoma vidole. Vyungu vilikuwa vinaiva mbele yangu. Bunduki ilikuwa nyuma ya mama. Mzinga ulikuwa unakuja juu ya maji, na ndani ya chuma kile kulikuwa na tanuru, na kwenye tanuru labda baba yangu. Na mama yangu, mwanamke mfupi mwenye udongo mpaka viwikoni, alikuwa anawaka kuliko vyote hivyo. Neno zima lilikuwa limeshuka ufukweni petu siku moja. Nilipaswa kuogopa kifo, na nilikiogopa, nisiseme uongo. Lakini zaidi nilistaajabu. Nilihisi nimesimama mbele ya yule bibi wa kwanza wa msituni, na watoto wake wote wamerudi kwake, kila mmoja na alichokitengeneza.

"Mama, nakuomba," askari akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayelia. "Wataniua mimi."

Mzinga ukalia.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mlima ulijibu, ukajibu tena. Jabali lenye bendera likapasuka, mawe yakateremka yakiruka. Askari wetu akajitupa chini, na unajua alijificha wapi? Nyuma ya vyungu vya mama! Bunduki pembeni, uso mchangani, na moto ule aliokuja kuuzima sasa ndio ukuta wake. Mimi nilikuwa nimelala kando yake. Mzinga ukalia tena, bendera ikaanguka. Ndani ya moto vyungu vikaanza kupasuka kwa mshindo, kimoja, kingine, na mama hakuvitazama. Alisimama wima akilitazama bomba la meli.

Lilikuwa linatoa uzi mwembamba tu.

Meli ikaanza kugeuka. Kazi yake ilikuwa imekwisha, bendera imelala. Mama akasema taratibu, si kwangu, "Pafukapo moshi pana moto. Lakini moto wa nani?"

Nikaomba Mungu. Niliomba kwa Kikisi, lugha yetu, nikaomba kwa maneno ya misheni, nikatia na faya na foya na pir, maana sikujua lipi lingefika haraka. Meli ikawa inatupa ubavu wake. Ikafika mkabala na bonde letu.

Moshi mweusi ukatoka, mzito. Ukakatika. Kisha mweusi tena.

Mama akakaa mchangani. "Yu hai," akasema. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akampiga askari mgongoni kwa kofi la nguvu. "Inuka, baba! Inuka! Mume wangu yu hai!"

Askari akainua uso wenye mchanga mpaka kwenye meno. Akaitazama meli, akamtazama mama, akautazama moshi wetu uliokuwa bado umesimama, na nikaona anaelewa yote. Nikasema basi, sasa tumekwisha. Yule mtu akaokota bunduki yake, akaipangusa, akavaa kofia.

"Mimi nimeona vyungu tu," akasema, akaenda zake kutafuta bendera.

Mama hakuondoka. Alikaa na moto wake mpaka mwisho, ingawa vingi vilikwisha kupasuka. Vilivyopona tulivivusha kwa siri, vikajazwa mahindi, tukala. Kibakuli changu kilipona, kimeegemea vile vile. Mnyakyusa mmoja alikitaka, mama akakataa kukitoa. Tukiwa na njaa ile! Nilimshangaa.

Wajerumani walipoondoka upande wetu na Mwingereza akaingia, baba alirudi. Alikuja kwa mtumbwi, amekonda, nyusi zimeungua, mkono mmoja hauinuki vizuri. Tulilia mpaka tukachoka. Kisha mama akakaa mafigani anapika, akaanza kumsimulia ile alasiri: amri, askari, makaa, mzinga. Alisimulia vizuri, na mwenyewe alikuwa anajisikia.

"Basi ulipouona moshi wangu..."

"Moshi gani?" baba akauliza.

Mama akageuka. "Moshi wa vyungu. Si uliuona, ukaitika?"

Baba akainamisha kichwa. Akasema mchochezi anakaa tumboni mwa meli, na kule hakuna dirisha. Unaona mlango wa tanuru, unaona kuni, basi.

"Na zamani? Kabla ya vita?"

"Hata zamani. Moshi wako sijawahi kuuona hata siku moja, mama watoto."

"Sasa ulikuwa unaitika nini?"

"Sikuwa naitika. Penye bonde letu pana upepo unaoshuka mlimani, meli inayumba kidogo, naisikia miguuni. Hapo nasema, wapo pale. Natia kuni mbichi, naacha, natia tena. Kila safari." Akaushika ule mkono wake usioinuka. "Na siku mzinga ulipolia kabla hatujaufikia upepo ule, nilijua unalia juu yenu. Sikujua kama mpo. Upepo ulipokuja nikatia kuni vile vile."

Halafu mama akalipuka, mama yangu yule asiyejua kunyamaza. Alimwambia amemfanya mjinga. Miaka yote anapanga vyungu vyake kwa safari zake, amesimama na bunduki mgongoni, watoto nusura wafe, kumbe mwenzake haoni hata wingu! Baba alikubali kila neno. Mama akaishiwa pumzi, akafuta macho kwa kiwiko.

"Na kitu hicho kwa Kiingereza kinaitwaje?" akauliza.

"Kipi?"

"Hicho. Mtu kuchochea moto kwa ajili ya mtu asiyemwona, wala hajui kama yupo."

Baba alikuwa mtu wa kweli, hakupenda kubahatisha. "Neno lake sijalisikia," akasema.

"Na hilo faya lao, linalobeba kila mzigo?"

"Hilo halijafika huko."

Mama akatikisa kichwa, akawaonea huruma Waingereza mara ya pili. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibakuli changu kilichoegemea, hakijawahi kutiwa kitu tangu siku ile. Wengine sote tulikula kwenye vigae kama kawaida. Baba, mama alimpakulia mle.